Kanda Iliyopigwa Sokoni

Siku ya tisa tangu Wagika waaibike, Kabula alikuwa ameketi nyuma ya jiko la mama yake akichambua pamba, uso kaukunja kama aliyelamba shubiri. Siku zote hizo tisa alikuwa hajamsemesha Mboje. Kila jua likizama alijiambia, haya, nimeimaliza nyingine bila yule mjinga. Na kila jua likichomoza, yule mjinga ndiye wa kwanza kuingia kichwani. Mapenzi, bwana! Mtu unaweza kumtimua nyumbani kwenu kwa fimbo, lakini kichwani utamtimua kwa fimbo gani?

Na kosa lenyewe halikuwa dogo. Pale Kalemela ukizaliwa unazaliwa Mgika au Mgalu, kufuata kundi la ngoma la wazee wako. Makundi hayo hulima pamoja, huzikana na kukopeshana ng'ombe wa kulimia, lakini pamba ikishavunwa hukutana uwanjani kushindana, na siku hiyo hakuna cha ujirani. Ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja, Wagika huku, Wagalu kule. Hakimu hayupo. Watazamaji wakikukimbilia wewe, umeshinda. Wakikukimbia, nenda kalale. Silaha kubwa ni wimbo wa kuwachamba wenzenu, na wimbo huo hufichwa mpaka dakika ya mwisho, maana wakiusikia mapema watakuja na jibu.

Kabula, msichana wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyekuwa ningi wa Wagika, yaani kiongozi wa waimbaji. Kiti hicho alikirithi kwa baba yake, Mzee Masele, koo la mzee lilipoharibika akabaki na sauti ya kukwaruza. Mwaka huo Kabula alitunga wimbo mtamu wa kumchamba marehemu Nkwabi, mzee maarufu wa Wagalu, kwamba alimkimbia fisi gizani, kumbe ni ndama wake mwenyewe.

Sasa Mboje. Mboje alikuwa fundi redio wa Nyashimo, kijana mpole, vidole vyeusi kwa risasi ya kulehemu. Alikuwa Mgalu wa kuzaliwa, tena mjukuu wa huyo huyo Nkwabi, lakini alikuwa amemchumbia Kabula na posa ilikuwa imepokewa. Jioni moja alikuja kurudisha redio kaseti ya Mzee Masele aliyokuwa ameitengeneza, akawakuta Wagika mazoezini. Akabonyeza kitufe, akarekodi. Kesho yake akiwa kibandani kwake sokoni, akitaka kujaribu spika mpya, akaitumbukiza kanda ile ile. Soko zima likasikia! Na duka la tatu kutoka pale, akinunua chumvi, alikuwapo Ngassa, ningi wa Wagalu, baba yake mdogo Mboje.

Siku ya mashindano Kabula hakuwahi hata kufungua kinywa. Wagalu walianza wao: "Fisi tulimwona, alikuwa Masele kavaa ngozi, amekuja kuiba ndama!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, wakahamia kwa Wagalu hadi watoto na mbwa. Mzee Masele alirudi nyumbani kajifunika blanketi kichwani, jua likiwaka. Asubuhi iliyofuata posa ya Mboje ikarudishwa. Kila mtu alisema yule kijana alikuwa mpelelezi tangu mwanzo.

"Kabula!" Mama yake, Milembe, aliita kutoka mbele ya nyumba. "Kuna gari."

"Gari la nani?"

"Ningejua ningekuita? Njoo. Na ufute uso huo, utawatisha wageni."

Gari lilikuwa limepakwa rangi ya bluu na kuandikwa ubavuni TETEMEKO BAND, MWANZA. Kabula alisimama kama aliyepigiliwa msumari. Nani asiyeijua Tetemeko? Walikuwa na magitaa yanayolia kama yana kidonda, wenyewe wakiuita muziki wao roki, na tangu biashara ifunguliwe na kila kibanda kianze kuuza kanda, hapakuwa na redio kutoka Magu mpaka Bariadi isiyowapiga. Mtu mrefu mwenye miwani alishuka. Nyuma yake, akiwa na kanda mkononi na kichwa kakiinamisha, akashuka Mboje.

Moyo wa Kabula, msaliti mkubwa, ukaruka.

"Mwadila, baba," yule mrefu alimsalimu Mzee Masele, akainama kidogo.

"Mwadila. Karibuni. Wewe karibu," Mzee Masele alisema akimtazama mgeni, kisha akamtazama Mboje. "Huyo abaki huko huko kwenye gari."

"Baba, bila huyu nisingefika. Mimi naitwa Constantine, ndiye kiongozi wa Tetemeko. Tulipita Nyashimo mwezi wa sita tukielekea Musoma, mtambo wetu ukafa, huyu kijana akautengeneza. Tulipokuwa kibandani kwake tukasikia sauti kwenye kanda. Sijalala vizuri tangu siku hiyo."

"Kanda gani?" aliuliza Mzee Masele, ingawa alijua.

Constantine alimwonyesha Mboje, na Mboje akainua mkono wenye kanda.

"Hiyo hiyo!" Mzee Masele alisimama, kiti kikaanguka. "Mmeileta mpaka hapa kwangu! Mnataka niifungie kamba nijinyonge nayo?"

"Baba Kabula, kaa," alisema Milembe. "Mgeni hajamaliza."

"Mwimbaji wetu Januarius ametuacha, amehamia Nairobi," Constantine aliendelea. "Tuna ziara ya mikoa mitano na hatuna wa kusimama mbele. Nimekuja kumwomba binti yako. Si wa kuitikia, baba. Wa kuongoza."

Kabula alimkodolea mgeni macho. Yeye? Aongoze Tetemeko? Alikuwa ameimba shambani, kanisani na kwenye ngoma, basi. Kipaza sauti alikishika mara moja tu, harusi ya binamu yake, kikapiga yowe akakitupa.

Mzee Masele aliinua kiti chake, akakaa taratibu. Aliposema tena hakuwa na hasira, na hiyo ilimuumiza Kabula zaidi.

"Kijana wangu, ningi aliyeshindwa haondoki. Anakaa. Mwaka unaofuata anarudi uwanjani anafuta aibu, ndipo akienda, anakwenda mtu mwenye heshima. Akiondoka kabla, watasema amekimbia. Watatunga wimbo. Hata akiimba kwa wazungu, hapa atabaki Kabula aliyekimbia. Mimi sitaki mwanangu aitwe hivyo."

Hata Constantine aliijua desturi, alivua miwani akaifuta.

"Baba, niruhusu niseme," Mboje alisema akiwa kando ya gari.

"Nani kakutuma?" Mzee Masele alifoka. "Hilo tu nataka kujua. Ngassa alikutuma lini, na alikupa nini?"

"Hakunituma mtu."

"Mwongo!"

"Baba Kabula," Milembe aliingilia akipepeta mchele wake wala hainui macho, "mimi nina swali moja tu, ni mwanamke mjinga, mnisamehe. Mpelelezi gani anaiba siri halafu anaipiga kwa spika sokoni siku ya gulio?"

Constantine aliacha kufuta miwani.

"Tena wimbo wenyewe unamtukana babu yake," aliongeza. "Babu aliyemlea."

Mzee Masele alimgeukia Mboje polepole, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Hebu njoo hapa. Karibu. Baba yako alisemaje?"

"Alinichapa, baba. Umri huu. Alisema nimemvua marehemu nguo mbele ya soko."

"Sasa kwa nini ulipiga?"

Mboje alimtazama Kabula, kwa mara ya kwanza tangu afike. Yale macho! Kabula aligeuza uso haraka akajifanya anamtazama kuku.

"Maneno sikuyasikia, baba," alisema Mboje. "Nilisikia sauti tu."

"Wimbo unamtaja babu yako mara sita!"

"Nilikuja kuambiwa baadaye."

Milembe aliangusha ungo akacheka, mchele ukamwagika, kuku wakaufanyia harusi. Mzee Masele alijitahidi kukaza midomo, lakini masharubu yake yalikuwa yanatikisika.

"Redio iko wapi?" aliuliza hatimaye. "Sijawahi kuisikia hiyo kanda. Nimeaibika kwa kitu ambacho sijakisikia. Weka."

Wakaiweka. Ilianza na mlio wa majembe yakigongwa kwa chuma na filimbi, kisha sauti ya Kabula ikapanda juu ya vyote, peke yake, ikakaa kule juu mpaka ukajiuliza atapumua saa ngapi. Kabula hakuwahi kujisikia. Huyo ni mimi? alijiuliza. Alimtazama baba yake. Mzee alikuwa amefumba macho, na koo lake lililoharibika lilikuwa linapanda na kushuka, likiimba bila sauti.

Kanda ilipokwisha alifumbua macho.

"Nyinyi mnapiga lini?" alimwuliza Constantine.

"Leo saa kumi, uwanja wa mnada, Nyashimo."

"Na Ngassa na watu wake wanacheza hapo hapo leo, bado wanasherehekea ushindi wao. Basi sikilizeni. Kabula ataimba. Watu wakiiacha ngoma ya Ngassa wakaja kwake, amewajibu, aende na baraka zangu. Wasipoiacha, kesho yuko shambani kwangu na neno la bendi lisisemwe tena hapa. Umesikia, ng'wanone, mwanangu?"

"Nimesikia, baba," Kabula alijibu.

"Na huyu?" Milembe aliuliza, akimwonyesha Mboje kwa kidevu.

"Huyo hakunikosea mimi kuliko alivyomkosea Kabula. Amwulize mwenyewe."

Mboje hakuuliza. Aliiweka kanda mapajani mwa mzee. "Ni hii tu, baba, sina nakala. Bendi walinitaka niwe fundi wao wa mitambo. Nimekataa. Kabula akienda, aende bila mtu aliyemchoma."

"Nani amekutuma ukatae?"

Wote waligeuka. Ilikuwa sauti ya Kabula, na yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Mboje kwa siku tisa. Hata yeye mwenyewe alishtuka.

"Kabula..."

"Usiniite. Kila kitu unaamua peke yako! Kunirekodi umeamua peke yako, kunipiga sokoni peke yako, sasa kuniacha nako peke yako? Mimi siulizwi?"

"Nilidhani hutaki hata kuniona."

"Sitaki," alisema Kabula, na macho yakamjaa machozi ya hasira, maana alikuwa anaongopa na alijua anaongopa. "Twendeni kwenye gari. Saa kumi haisubiri mtu."

*

Uwanja wa mnada ulijaa. Ng'ombe walikuwa wameshauzwa na kuondolewa, vumbi lao likabaki. Upande wa mashariki Wagalu walikuwa wanazunguka na ngoma yao kubwa, Ngassa katikati na filimbi shingoni, mfupi, mnene, na furaha ya mshindi. Upande wa magharibi, juu ya matela mawili yaliyounganishwa, Tetemeko walikuwa wanafunga mitambo. Jenereta lilikuwa linanguruma. Watu waliposikia kwamba atakayeimba ni Kabula wa Masele, yule wa fisi, wakaja kwa wingi, lakini walikuja kucheka.

"Usiogope," Constantine alimwambia. "Mimi nitaanza na solo, drams itaingia, kisha wewe."

"Nitajuaje pa kuingia?"

"Utapasikia."

Hakupasikia. Gitaa lililia, besi ikamtetemesha miguuni, drams ikaingia kama mawe juu ya bati, na Kabula, ambaye maisha yake yote alikuwa ameingia kwa kufuata mlio wa majembe, akafungua mdomo mapema mno. Akanyamaza. Akajaribu tena, akachelewa. Chini watu wakaanza kucheka. Ngassa akapuliza filimbi, ngoma ya Wagalu ikapanda, kikasikika kile kibwagizo: "Fisi tulimwona!"

Na watu wakaanza kuondoka. Mmoja, watano, kisha safu nzima. Miguu yao ilikuwa inaelekea mashariki.

Kabula alimwona baba yake kule chini. Hakuwa amejifunika blanketi, lakini mkono wake ulikuwa umelikamata. Mungu wangu, usimfunike tena, Kabula alisali. Ndipo akamwona Mboje. Alikuwa amepiga magoti pembeni ya spika, kashika waya mkubwa wa umeme kwa mikono yote miwili. Plagi ilikuwa imelegea, akiiachia tu kila kitu kinakufa. Alikuwa hajui kama muziki unakwenda vizuri au vibaya. Alikuwa anamtazama yeye, na usoni hakuwa na shaka hata kidogo, kama siku ile aliposikia sauti na asisikie tusi.

Aliyekuja kunichoma ndiye huyu? Kabula alijiuliza. Huyu mjinga asiyejua hata babu yake anatukanwa?

Akainua mkono. "Simameni!"

Bendi ikakatika. Constantine alimtazama kwa hofu.

"Baba!" Kabula aliita kwenye kipaza sauti. "Nipigie jembe!"

Mzee Masele alisita kidogo tu. Akachukua jembe la muuzaji mmoja aliyekuwa amepanga bidhaa zake pale chini, akaokota nondo, akapiga. Ngee. Ngee. Ngee. Hiyo sasa ilikuwa lugha ya nyumbani. Mpiga drams, kijana mwerevu, akasikiliza mara tatu akaifuata. Besi ikaingia chini yake. Na Kabula akavuta pumzi.

Aliimba kwa Kisukuma, wala hakuuimba wimbo wa Nkwabi. Ule ulikwisha kufa. Alitunga pale pale, kama alivyofundishwa na baba yake kwamba ningi wa kweli anaokota jiwe alilopigwa nalo.

"Ni kweli, Wagalu, mlimwona fisi," aliimba.

Watu waliokuwa wanaondoka wakasimama.

"Fisi ni Masele, na mimi mtoto wa fisi."

"Eee!" mtu alipiga kelele. Hakuna ningi aliyewahi kulikubali tusi mbele ya watu.

Gitaa la Constantine likalia nyuma yake, safari hii likimfuata yeye badala ya yeye kulifuata. Sauti ikapanda, ikapita spika, ikapita bati za maduka, ikakaa kule juu. Miguu ikaanza kugeuka. Wanawake kwanza, kisha vijana, kisha wazee na mikongojo yao.

"Kaeni na ndama wenu, ndama simtaki. Mtoto wa fisi amekuja Nyashimo mchana kweupe. Nimekuja kumchukua mjukuu wa Nkwabi!"

Uwanja ulipasuka. Watu walirusha kofia, wakapigana mabega, wakashangilia mpaka jenereta halikusikika. Mashariki ngoma ilikuwa bado inapigwa, lakini ilikuwa inapigwa na watu wanne, na hao wanne shingo zao zilikuwa zimegeukia magharibi. Wapigaji watatu wakaacha. Akabaki Ngassa peke yake na filimbi mdomoni, akilitazama vumbi tupu mahali palipokuwa na watu wake. Kisha akaivua filimbi shingoni, akavuka uwanja, watu wakimpisha, mpaka kwa Mzee Masele.

Mzee Masele aliacha kupiga jembe.

"Masele," Ngassa alisema, jasho likimtiririka, "nimeshindwa. Binti yako amenila na mifupa." Akamtundikia filimbi shingoni. "Ile posa mliyoturudishia, kesho tunaileta tena. Safari hii nakuja mwenyewe."

"Wabeja," mzee alishukuru kwa sauti yake ya kukwaruza, na blanketi likaanguka chini wala hakuliokota.

Kabula hayo yote aliyaona kwa mbali tu. Alikuwa amemgeukia Mboje. Mboje alikuwa bado amepiga magoti na waya wake, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na hawezi kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika plagi.

"Mboje," alimwita kwenye kipaza sauti, soko zima likisikia.

"Kabula, zima hicho," Mboje aliomba. "Watu wote wanasikia."

"Ulinitangaza sokoni bila kuniuliza. Na mimi nakutangaza." Alikisogeza kipaza sauti mdomoni zaidi. "Mikoa mitano. Tunaanza Bariadi. Wanataka fundi wa mitambo. Utakwenda, huendi?"

"Nitakwenda."

"Sikusikii!"

"Nitakwenda!" Mboje alipiga kelele, na Nyashimo nzima ikamwitikia kwa vigelegele.

Kabula alimwashiria baba yake arudie jembe. Mzee Masele akapiga, drams ikaingia, na safari hii Kabula alijua pa kuingia.

"Na waya huo," alimwambia Mboje kabla hajaanza, "ukiuachia tu, nakuacha hapa hapa."

Hakuuachia.